Kula kwenye mgahawa wa Wasabato Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgahawa wetu unaendeshwa na waumini wa kanisa mahalia la Waadventista Wasabato hapa Dodoma mjini. Hatupiki nyama, hatuuzi chai ya majani wala kahawa, pilipili haimo mezani, na Ijumaa milango hufungwa mapema. Mgeni anayeyajua haya kabla ya kufika anakula akashiba vizuri. Asiyeyajua hukuta mlango umefungwa, au anakaa mezani akisubiri kitu ambacho hakitaletwa. Majibu yafuatayo yameandikwa na wapishi na wahudumu kutokana na maswali wanayoulizwa kila wiki.

Mnafungua saa ngapi?

Asubuhi saa 12:30 hadi saa 2:30. Mchana saa 6:30 hadi saa 8:30. Jioni saa 12:30 hadi saa 2:00 usiku, na cha jioni ni chepesi: uji, mkate wa unga usiokobolewa, matunda, supu ya mboga. Jumapili hadi Alhamisi ratiba ni hiyo hiyo. Ijumaa tunapika asubuhi na mchana tu. Jumamosi hatuuzi chochote, asubuhi, mchana wala usiku.

Vikao vya Bunge la bajeti, yaani Aprili hadi mwisho wa Juni, ndipo foleni ya mchana huwa ndefu. Miezi hiyo fika saa 6:30 kamili au subiri saa 7:30 wimbi la kwanza lipungue.

Nimefika saa 4 asubuhi, nimeona wapishi wako jikoni, lakini wamekataa kuniuzia hata andazi. Kwa nini?

Kwa sababu hatuuzi vitafunwa kati ya mlo na mlo. Katika mafundisho ya afya ya Wasabato, tumbo hupewa saa tano au sita za kumaliza kazi ya chakula kilichotangulia kabla ya kuletewa kingine. Ndiyo maana kati ya kufunga asubuhi na kufungua mchana kuna saa nne kamili, na aliyekula mapema amepata sita. Si kwamba mhudumu amekudharau, ndugu. Wapishi wenyewe hawali saa hiyo.

Mgonjwa anayetakiwa kula kidogo kidogo, mwenye kisukari aliyeanza kutetemeka, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo hawahusiki na utaratibu huu. Mwambie mhudumu wazi, atakupa ndizi, uji au juisi papo hapo, na hutaulizwa maswali mengi.

Ijumaa mnafunga saa ngapi hasa, na kwa nini saa hubadilika?

Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kwisha jua linapozama Jumamosi. Waumini huita kufungua Sabato na kufunga Sabato, na nyakati zote mbili huenda na ibada fupi ya nyumbani. Hapa Dodoma, katikati ya Mei jua huzama kama saa 12:28 jioni. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari huzama dakika moja au mbili baada ya saa 1:00. Tofauti ni zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo saa ya mwisho ya kuchukua chakula ulichoagiza Ijumaa huandikwa upya kila wiki kwenye ubao wa mlangoni, na siku zote ni saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Muda huo si wa kupoteza: masufuria yanasuguliwa, sakafu inapigwa deki, gesi inafungwa, na kila anayefanya kazi hapa anatakiwa awe ameshaoga na kuvaa kabla jua halijagusa mlima.

Wengi hupotea kwenye jambo hili: wanapiga simu saa 11 wakisema wako njiani kutoka Kongwa au Manyoni, washikiwe sahani. Chakula tunaweza kukifungasha, ila hatutakuwa na mtu wa kukukabidhi. Mtume ndugu yako aliyepo mjini aje mapema.

Malipo ya simu nayo yasitumwe ndani ya saa za Sabato, hata kama ni ya deni la Alhamisi. Hayarudishwi, lakini hayatajibiwa mpaka Jumamosi usiku.

Basi Jumamosi mgeni wa mji ale wapi?

Njoo kanisani. Baada ya ibada kuu, waumini hukaa pamoja na kula chakula kilichopikwa Ijumaa, siku ya maandalio, kikatunzwa kwenye hotpoti. Hakiuzwi na huhitaji kuwa Msabato. Kaa, nawa, pakua. Usitoe hela kumpa aliyekupakulia. Utamtia katika wakati mgumu.

Jumapili asubuhi tunafungua kama kawaida, isipokuwa maziwa ya soya hutoka saa 2:00. Soya tunailoweka Jumamosi usiku jua likishazama, nayo inahitaji saa nane hadi kumi na mbili ndani ya maji.

Kweli hakuna nyama kabisa? Mbona namjua Msabato anayekula kuku?

Ni kweli unamjua, na hajavunja sheria ya kanisa. Wasabato wanajizuia na vyakula vinavyotajwa kuwa najisi katika Mambo ya Walawi sura ya 11. Nguruwe ni mmoja wao, kwa hiyo kitimoto hakuna. Samaki lazima awe na mapezi na magamba: perege wa Mtera analiwa, kambare wa Mtera haliwi kwa kuwa hana magamba. Ng'ombe, mbuzi na kuku wanaruhusiwa, ila kanisa linahimiza chakula cha mimea, likirejea Mwanzo 1:29. Himizo hilo ni la zamani. Kanisa liliundwa rasmi Marekani mwaka 1863, na miaka mitatu tu baadaye, 1866, lilifungua kituo chake cha kwanza cha tiba huko Battle Creek kilichoweka chakula mbele. Tanganyika ujumbe ulifika 1903, upande wa Upare.

Mgahawa umechagua himizo hilo likamilike: hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna supu ya mifupa iliyofichwa kwenye maharage. Mayai na maziwa ya ng'ombe yapo kwenye vyakula vichache, na vimewekewa alama ya duara kwenye ubao.

"Nyama ya ngano" ni kitu gani? Ina ladha ya nyama kweli?

Ni protini ya ngano iliyotenganishwa na wanga. Ladha yake yenyewe ni ndogo; inabeba ladha ya mchuzi. Inachofanana na nyama ni utafunaji. Kwa kuwa ndicho chakula kinachoulizwa kuliko vyote, na wengi wanataka kujaribu nyumbani, hatua ndizo hizi.

Chukua kilo 1 ya unga wa ngano wa chapati au wa mkate. Unga wa keki haufai, protini yake ni kidogo. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai na maji mililita 600 hivi, kanda kwa dakika kumi mpaka donge liwe nyororo na ukilibonyeza lirudi. Liweke kwenye beseni, lifunike kwa maji ya kawaida, liache nusu saa hadi saa nzima. Kisha anza kulifinya ndani ya maji hayo hayo. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Huo ni wanga. Mimina maji hayo kwenye chombo kingine, weka mapya, finya tena. Kwa kawaida beseni hubadilishwa mara sita au saba. Katikati ya kazi donge litaonekana linakatikakatika kama mtindi uliovunjika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakatupa. Usitupe. Kusanya vipande kwenye chujio, vibane pamoja, endelea, vitashikana upya. Maji yakibaki karibu safi, chini ya beseni pakaonekana, umemaliza. Mkononi utakuwa na donge la rangi ya kijivujivu linalovutika kama mpira, gramu 250 hadi 350.

Likate vipande vidogo, kama nusu ya vile unavyotaka viwe mezani, maana vinavimba. Chemsha mchuzi wa kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, majani ya giligilani na chumvi. Tosa vipande ukiwa unatokota, halafu punguza moto mpaka uso wa mchuzi uwe unatikisika tu. Dakika 45 hadi 60. Baada ya hapo unaweza kukaanga kidogo kwa mafuta ya alizeti na kuunga rosti.

Ikitoka kama sifongo, yenye matundu na maji, moto ulikuwa mkali. Ikiwa ngumu nje na ubichi ndani, vipande vilikuwa vikubwa. Ikiyeyuka yote wakati wa kuosha, hukukanda vya kutosha au ulitumia unga usiofaa. Dona na mtama havitoi kitu kabisa, hata ukaosha mpaka jioni. Yale maji meupe ya mwanzo usiyamwage: yakituama saa mbili, wanga unakaa chini, nasi tunautumia kuzitia uzito supu za jioni.

Na nyama ya soya ile ya pakiti?

Ipo mara mbili kwa wiki. Inalowekwa kwenye maji ya moto dakika 10 hadi 15, inakamuliwa, inalowekwa tena, inakamuliwa tena. Ile harufu watu wanayoilalamikia imo kwenye maji ya kwanza. Mpishi akikamua mara moja tu kwa haraka, harufu inabaki mchuzini.

Maziwa ya soya yenu hayana harufu ya maharage mabichi. Mnafanyaje?

Ile harufu hutokea soya ikisagwa kwa maji baridi, kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani ya punje huanza kufanya kazi punje inapopasuka. Dawa yake ni joto. Kilo 1 ya soya iliyolowa usiku kucha inaoshwa, inamenywa maganda kwa kusuguliwa viganjani, halafu inatumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano. Inasagwa kwenye blenda kwa maji ya moto, inachujwa kwa kitambaa cha pamba, na maziwa yanarudi jikoni. Kilo hiyo hutoa lita 6 hadi 8, kutegemea unayataka mazito kiasi gani.

Kuna jambo moja la hatari. Maziwa ya soya huumuka na kupanda kama yanachemka kabla hayajafika kuchemka kweli. Asiyejua huzima moto hapo. Ndani ya soya mbichi kuna vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na joto la muda mfupi haliviondoi. Ondoa povu, punguza moto, acha yachemke dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga chini, maana hushika sufuria haraka. Mtu akinywa ambayo hayajaiva, tumbo linajaa gesi na kuvuruga, kisha soya yote inasingiziwa.

Hili linahusu na uji wa lishe wa watoto. Akina mama wengi hupeleka mashineni soya mbichi pamoja na mahindi, mtama na karanga, halafu uji unapikwa dakika saba. Soya lazima ichemshwe kwanza ikaushwe, au ikaangwe mpaka ibadilike rangi, ndipo isagwe. Na karanga zisisagwe na kuwekwa kwa miezi. Unga wenye mafuta huchacha.

Kwa nini hamna chai?

Chai ya majani na kahawa zina kafeini, na Wasabato wanajizuia na vichocheo pamoja na pombe na tumbaku. Lakini kuna faida nyingine ya mezani tunayopenda watu waijue: chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungechukua kutoka kwenye mboga na maharage. Ndimu hufanya kinyume chake, inasaidia. Kwa mtu anayekula chakula cha mimea tu, hasa mjamzito, tofauti hiyo si ndogo.

Badala yake kuna mchaichai, kuna choya (rozela) ya moto au ya baridi, na kuna kinywaji cheusi cha shayiri na soya zilizokaangwa mpaka zikawa kahawia iliyokolea. Wateja hukiita kahawa. Hakina kafeini, kwa hiyo aliyezoea vikombe vitano kwa siku ajiandae: siku ya kwanza na ya pili bila kafeini kichwa kinaweza kuuma. Si chakula chetu kilichokudhuru.

Mlenda wenu hauna magadi, na hakuna pilipili wala siki. Si utakuwa hauna ladha?

Onja kwanza. Magadi hulainisha majani haraka na kuongeza mvutano, na nyumba nyingi za Ugogo haziwezi kufikiria mlenda bila hayo. Sisi hatuyatumii kwa sababu magadi huharibu vitamini, hasa B1 na C. Kazi ya magadi inafanywa na upekecho na muda. Nusu lita ya maji ikichemka, tia nyanya moja iliyokatwa na chumvi, tia vijiko viwili vya chakula vya mlenda mkavu uliosagwa, pekecha mfululizo huku ukiwa umepunguza moto, na usifunike hata kidogo. Mlenda ukifunikwa hupanda na kumwagika wote jikoni. Dakika kumi baadaye tia kijiko kilichojaa cha karanga zilizotwangwa, pekecha dakika tano tena. Ukiinua upekecho, uzi wa mlenda ushuke bila kukatika mpaka usoni pa sufuria. Ukikatika mapema, maji ni mengi. Uliwe hapo hapo na ugali wa uwele au mtama. Ukipoa unakuwa mzito na ukipashwa haurudi kama ulivyokuwa.

Pilipili, haradali na siki tunaziacha kwa kuwa tunazihesabu miongoni mwa vinavyolichokoza tumbo. Ndimu iko kwenye kila meza. Ukija na kachumbari yako yenye pilipili hakuna atakayekunyang'anya, ila tunakuomba usiipitishe kwenye sahani za wengine.

Karanga zipo karibu kila mahali. Mnazichaguaje?

Kwa mkono, punje kwa punje, kabla ya kukaanga. Hapa Kanda ya Kati hili si jambo la usafi tu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa na unyevu, zilizopigwa na ukame shambani au zilizohifadhiwa chini penye unyevunyevu. Kupika hakuiondoi, wala kukaanga.

Mezani pa kuchagulia tunatupa kila karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, iliyoota au yenye vumbi la kijani au la njano kwenye mfereji wa katikati. Punje ya namna hiyo haiendi kwa kuku wala haiuzwi kwa bei ya chini; inazikwa. Mahindi ya makande hufanyiwa vilevile. Karanga tunanunua zikiwa na maganda, tunabanja wenyewe kiasi cha wiki moja. Zilizobanjwa kwa kulowekwa maji ili ganda lilainike tunazikataa hata zikiwa rahisi, maana unyevu ule ndio unaoualika ukungu.

Ukiona kuchagua kunachukua muda na unataka karanga zako za nyumbani zipungue sumu haraka, anza na hizo zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye punje chache mbovu.

Kwa nini siletewi maji pamoja na sahani?

Tunashauri maji yanywewe nusu saa kabla au saa moja na zaidi baada ya kula. Mtungi uko mlangoni na vikombe viko hapo, jihudumie ukiingia. Ukiyahitaji mezani, sema utaletewa.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kula hapa?

Wengi wanakula. Hakuna nguruwe, hakuna pombe hata kwenye mapishi, na kwa kuwa hakuna nyama, suala la nani amechinja halipo. Mwezi wa Ramadhani tunafungasha futari: uji, mihogo, magimbi, tambi na maharage ya nazi, na chombo hutolewa kuanzia saa 11:30 jioni. Ijumaa chakula cha futari lazima kichukuliwe mapema, kwa saa iliyoandikwa mlangoni. Wakristo wanaofunga nyama wakati wa Kwaresima nao hutujaza ukumbi, tunawakaribisha.

Nina mzio, au nina ugonjwa. Nile nini?

Ngano, soya na karanga ndizo nguzo za jiko letu, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga tunamwambia ukweli: usile hapa. Mwiko, kinu na mafuta vinagusana. Asiyeweza ngano asichukue rosti yoyote ya siku hiyo bila kuuliza. Ale wali, ugali, makande, kisamvu. Kisamvu tunakitwanga na kukichemsha saa nzima bila mfuniko kabla ya kuunga, ili sumu ya muhogo itoke na mvuke.

Mwenye kisukari apunguze wali, achukue dona na maharage. Mwenye figo amfuate daktari wake, si mpishi wetu.

Aliyeamua kuishi kwa mimea peke yake, bila yai wala maziwa, ajue kwamba vitamini B12 haipatikani kwenye mboga, mlenda wala soya ya kawaida. Anahitaji vidonge au chakula kilichoongezewa. Tunalisema hili kila mara kwa sababu upungufu wake huja polepole, miaka, na ganzi ya miguu ikishaanza si rahisi kuirudisha nyuma.

Lazima nisali? Nitahubiriwa?

Saa 6:30 mchana kengele inalia, mtu mmoja anaombea chakula kwa maneno machache, wote wamesimama au wamekaa kimya. Usiposali hakuna tatizo, ila usiongee na simu dakika hiyo. Vijitabu viko kwenye rafu karibu na sinki, ni vya bure. Mhudumu hataanzisha mazungumzo ya dini mezani. Ukimwuliza atakujibu, na akikuona una nia ya kujua zaidi atakuelekeza kwa mzee wa kanisa. Wateja wazee wanaoingia na kuamkia "Mbukwa" hujibiwa Kigogo, hata na wahudumu waliokuja kutoka Upare na Mara.

Juisi ya zabibu mnayouza ni mvinyo?

Hapana. Ni juisi isiyochachuka, ndiyo hiyo hiyo Wasabato wanayoitumia kwenye Meza ya Bwana. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, kwa hiyo juisi mpya hupatikana misimu hiyo na baadaye tunauza ya chupa.

Ngozi ya zabibu huja na hamira yake ya asili kutoka shambani. Juisi mbichi ikiachwa kwenye joto la hapa, siku ya pili inaanza kutoa povu. Tunachambua mbovu, tunaosha, tunaponda kwa mikono. Blenda inasaga mbegu na kuleta uchungu. Tunapasha polepole mpaka nyuzi 60 au 65 kwa dakika kumi na tano ili rangi itoke kwenye ngozi, tunachuja bila kukamua sana, tunaacha itulie usiku kucha kwenye friji. Kesho yake tunaimimina taratibu tukiacha machicha, tunapasha hadi nyuzi 80 au 85, na tunajaza ikiwa ya moto kwenye chupa zilizotoka kuchemshwa, hadi shingoni. Nyumbani ukikosa kipimajoto, angalia: mvuke unapanda, vipovu vidogo viko pembeni mwa sufuria, lakini katikati hapachemki. Kilo moja hutoa zaidi kidogo ya nusu lita. Ukiacha ichemke, inakuwa na ladha ya jamu.

Chini ya chupa utaona punje ngumu zinazometameta kama chembe za kioo. Si kioo. Ni chumvi ya asili ya zabibu inayojitenga juisi ikipoa. Mimina taratibu ibaki chini. Ila mfuniko ukiwa umevimba au ukifungua ikalia na kutoa povu, usinywe, rudisha chupa upewe nyingine.

Mnapokea oda za sherehe, semina na misiba?

Ndiyo, isipokuwa saa za Sabato. Sherehe na semina tupewe siku tatu kabla. Msiba hata asubuhi ya siku hiyo. Kwa watu 50 tunahesabu mchele kilo 7 na nusu, maharage makavu kilo 4, mboga za majani mabichi kilo 10, nyanya kilo 5, mafuta ya alizeti lita 1 na nusu, na nyama ya ngano itokanayo na kilo 12 za unga. Wenye shughuli hupenda kupunguza mboga na kuongeza wali. Matokeo yake mboga huisha mtu wa thelathini akishapakua, na wageni wa mwisho wanapata wali na mchuzi. Tunakushauri uache hesabu ilivyo.

Kwa sherehe na semina siku tatu za taarifa zisipungue kwa sababu ya maharage pia: maji ya visima vingi vya huku ni magumu, maharage hayalainiki upesi. Tunayaloweka usiku, tunamwaga maji, na chumvi na nyanya haviingii mpaka yaive.

Nasafiri na treni ya mchana. Mnafungasha?

Tunafungasha makande, chapati na maharage makavu yasiyo na mchuzi mwingi, viazi, na matunda yasiyomenywa. Maziwa ya soya na mlenda hatufungashi kwa safari. Maziwa yakikaa nje ya friji zaidi ya saa mbili tatu kwenye joto la hapa yanaharibika, na hayatoi harufu mapema kama ya ng'ombe. Njoo na chombo chako chenye mfuniko wa kubana. Agiza kwa simu kabla ya saa 4 asubuhi, lipa kwa simu au taslimu, na chukua dirishani bila kupanga foleni ya ukumbini.

Sina hela leo.

Mwambie dada aliye kwenye kaunta, kwa sauti ya chini kama unapenda. Utapewa sinia, upakue kama wengine, ukae meza ile ile.